Kwa Nini Mnashuka Kikapuni

Nyinyi vijana mnaopanda gari ya Konde siku hizi, mkakaa dirishani na redio ikawaimbia, mnajua kwamba mkitoka Konde kuja Chake, mkishayapita maduka na njia ikapinda, utingo hugonga bodi na kupiga kelele: "Kikapuni! Wa Kikapuni washuke!" Na watu hushuka. Nimewahi kuwauliza vijana kadhaa jina hilo limetoka wapi. Mmoja aliniambia zamani walikaa pale wasuka vikapu. Mwengine, na huyu ana shahada, aliniambia ni neno la Kireno lililoharibika. Nilimpongeza kwa ushujaa wake.

Pahala pale hapajasukwa kikapu hata kimoja, na Mreno hahusiki. Jina lile nililitoa mimi, nikiwa nimening'inia nyuma ya gari, suruali imejaa vumbi jekundu, cheti cha sekondari kimelala sandukuni na sina pa kukipeleka.

Watu wananijua kwa kusomesha, na kwa makala ambazo mke wangu huzisoma mpaka nusu. Ualimu sijaustaafu bado. Kazi niliyostaafu ni moja tu, nayo ni utingo wa laini ya Chake na Konde, mwishoni mwa miaka ya hamsini na mwanzoni mwa sitini. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani siku niliyoondoka, lakini nilipewa chakula, na nitafika hapo. Kazi nyengine zote nilizofanya baadaye nimezifanya kwa kubahatisha. Ile nilifundishwa.

Mwalimu wangu alikuwa dereva, Mzee Kombo, mtu mfupi aliyekalia mto wa sufi ili aione njia. Mimi nilikuwa nikisubiri jibu la chuo kikuu, na baba yangu aliona nakula sana kwa mtu anayesubiri. Asubuhi moja akanipeleka kwa Mzee Kombo pale Chake.

"Huyu kasoma," baba akamwambia.

"Kasoma nini?"

"Kasoma mpaka kamaliza, huko Unguja."

Mzee Kombo akanitazama viganja. "Si kitu," akasema. "Atapona."

Siku ya pili yake gari nzima ilikuwa ikiniita Msomi, na walilitamka jina hilo kama mnavyomwita mtu mrefu Kifupi.

Niwape na historia ya laini yenyewe, maana sijaiona imeandikwa popote. Unguja waliwahi kuwa na treni ya Bububu. Sisi Pemba hatukusikia hata filimbi yake. Nilipofika chuo kikuu wenzangu wa bara wakawa wanajisifia stesheni za kwao, nami nikaisifia laini ya Konde kwa sauti kubwa mpaka mmoja akaniuliza inakwenda kwa mvuke au kwa dizeli. Nikamwambia inakwenda kwa Mzee Kombo.

Ilianza na karafuu. Bwana Gulam, aliyekuwa na duka kubwa pale Chake, alinunua lori la kuchukulia magunia kutoka mashamba ya kaskazini. Watu wakawa wanapanda juu ya magunia. Msimu ukaisha, magunia yakaisha, watu hawakuisha. Kila asubuhi walikuwa wamesimama njiani vile vile, wakilipungia mkono lori tupu. Bwana Gulam akaita seremala. Likatiwa bodi la mbao, mabao ya kukalia, na juu paa la kuwekea mizigo. Kwa hiyo laini yenu, wanangu, ilizaliwa na watu waliokataa kushuka.

Mwanzo iliishia Ole. Kutoka Ole kwenda mbele kila mtu na miguu yake, na mwenye baiskeli na baiskeli yake. Mzee Kombo ndiye aliyeifikisha Konde, kidogo kidogo, bila ya kumwambia mtu. Leo atamfikisha bibi mmoja kwake, mbele kidogo ya Ole. Kesho atamfuata mgonjwa mbele zaidi. Bwana Gulam alipokuja kujua, gari ilikuwa inalala Konde, na kuna nyumba huko watu washaifanya ndiyo saa yao: ikipita, wanainjika chai.

Vibao vya vituo hatukuwa navyo. Kituo kilikuwa mtu. Kwa Fundi Baiskeli, Kwa Bi Mchanga, Kwa Mwalimu Mnene. Mtu akifa, kituo kilibaki na jina lake, na utingo mpya alifundishwa kushusha watu kwa marehemu kama kawaida.

Lugha yetu na dereva ilikuwa kofi kwenye bodi. Kofi moja, simama. Mawili, twende. Matatu, anashuka mtu mzima, usiguse mafuta mpaka nikwambie. Na yalikuwapo manne, ambayo Mzee Kombo aliyabuni mwenyewe na akiyagonga yeye kutoka mbele. Maana yake: nyuma huko mnazungumza kitu kizuri nami sisikii, semeni kwa nguvu.

Mlimani kazi ya utingo ilikuwa kuruka na gogo mkononi, kulitia nyuma ya gurudumu kila gari ikipumzika. Siku yangu ya kwanza nililitia mbele. Nilikuwa nimefikiri sana kabla ya kulitia. Gari ikarudi nyuma taratibu, na abiria wote, kuku wao, na mapakacha yao, wakanitazama nikizidi kuwa mdogo pale kileleni na gogo langu. Ikasimama yenyewe kwenye tope. Mzee Kombo akatoa kichwa.

"Msomi! Sisi tulitaka isirudi. Wewe umeizuia isende?"

Akacheka mpaka akateremka garini, akaja akanionyesha, na kesho yake akanionyesha tena kama kwamba hajawahi kunionyesha. Ile mara ya pili bila ya kuudhika ndio ualimu. Nimesomeshwa na watu wenye majoho ambao hawakuwa nao.

Lakini kazi iliyokuwa na heshima zaidi kuliko zote ni chakula cha wagonjwa. Wagonjwa wetu walilazwa Chake, na Mpemba aliyelazwa, hata umlishe nini, asipoona bakuli la kwao anahisi kama ameshasahauliwa. Basi kila asubuhi, toka Konde mpaka Ole na mbele yake, wanawake walisimama njiani na mabakuli yaliyofungwa vitambaa ndani ya vikapu. Tuliyachukua bure. Yalikaa mbele, ubavuni pa dereva, pahala ambapo hata sheha hakuruhusiwa kukaa. Tukifika Chake, nilikuwa nayachukua mbio mpaka hospitali, na jioni nayarudisha matupu. Bakuli lisiporudi ilikuwa balaa, maana mwanamke alijua hali ya mgonjwa wake kwa namna bakuli lilivyorudi: limefutwa, limebakishwa, au halikuguswa.

"Usisome kikapu," Mzee Kombo alinifundisha. "Vikapu vyote vimoja. Soma kifundo. Kila mwanamke hufunga kwa mkono wake."

Nikajifunza vifundo. Bi Mkasi wa Ole, ambaye mumewe, Mzee Omar, alianguka kutoka juu ya mkarafuu akavunjika mguu, alikuwa anafunga na kuacha ncha mbili zimesimama kama masikio ya sungura. Bi Raya wa Konde alifunga kifundo kidogo, kigumu, akazificha ncha ndani. Mumewe, Mzee Hamad, naye alivunjika mguu, lakini huyu hakuwa mkarafuuni. Alipanda mnazi kutundika bendera.

Na hapo ndipo inapoingia siasa.

Vyama sitavitaja, wanaovijua wanavijua, na wasiovijua wamebahatika. Inatosha kusema kulikuwa na upande huu na upande ule, na kwamba jambo lililoanza kwenye mikutano liliteremka mpaka visimani. Watu wa upande huu hawakununua kwenye duka la upande ule. Hawakuzikana. Hawakula chakula kilichopikwa na mkono wa upande ule, na waliapa hivyo hadharani. Mpaka garini, upande huu wakashika mabao ya kulia, upande ule mabao ya kushoto. Ole walikuwa wengi wa kulia, basi tukitoka Ole gari ilikuwa inakwenda imelala ubavu kama mtu mwenye jipu. Mzee Kombo akawa anasimamisha, anageuka na kuwaambia:

"Jamani, gari haina chama ila ina springi. Wawili wa kulia nawaomba waje kushoto."

Hakuna aliyeinuka. Nikabuni dawa: nikawa nahamisha mizigo ya paani, magunia ya muhogo yote upande wa kushoto. Na mpaka hapo nikalaumiwa kwamba nawapendelea wa kushoto kwa muhogo.

Halafu wakaanza kutususa. Bwana Gulam alikuwa akiwauzia pande zote mbili kitambaa cha bendera, kwa yadi ile ile. Ukapita uvumi kwamba upande mmoja wanapimiwa yadi ndefu. Konde wakakata shauri, pale barazani mbele ya maduka, kwamba mtu wao hapandi tena gari ya Gulam. Mmoja wao akatia mabao kwenye lori lake. Lori lile lilikwenda Chake siku linayotaka, na vyakula halikuchukua. Mwenyewe alisema mchuzi unamwagika.

Gari yetu ikaanza kutoka Konde karibu tupu. Bwana Gulam alivumilia, kisha siku moja akamwita Mzee Kombo dukani nami nikiwa nyuma yake.

"Kombo, mimi nimeuza sukari miaka yote. Sukari haiulizi nani anainywa. Lakini gari tupu inakunywa petroli kama imejaa. Mwezi ukiandama, naitoa Konde. Naipeleka njia ya Mkoani, kule wako abiria wa meli."

"Na vyakula vya wagonjwa, Bwana Gulam?"

Bwana Gulam akaangalia mizani yake. "Hilo ndilo linaloniuma," akasema. "Lakini vyakula havinunui petroli."

Tulirudi garini. Nilikuwa nimeshazoea kuiona kazi ile kama pahala pa kusubiria maisha. Siku ile nikaona kwamba watu wenye mabakuli hawakuwa wakisubiri kitu chengine. Gari ile ndiyo ilikuwa njia yao ya kumshika mgonjwa mkono. Bi Mkasi alikuwa hawezi kwenda Chake kila siku, ana watoto na ana shamba. Bi Raya naye, kwa uamuzi wa baraza, hata kuikaribia gari kwake ilikuwa haramu.

Lakini bakuli lake lilikuwa likija. Kila asubuhi, tukishayapita maduka na baraza limetupa mgongo, njia ikapinda, palikuwa na kikapu peke yake ukingoni, kwenye kivuli, na nyuma ya migomba kipande cha buibui. Nilikuwa nagonga kofi moja, nateremka, nachukua kikapu, naisalimia migomba: "Shikamoo!" Na migomba ikiitikia: "Marahaba, mwanangu. Taratibu na mchuzi." Abiria wakiniuliza kituo gani hiki tunasimama na hapana mtu, nilikuwa sitaki kumtaja mwenyewe, basi nikawajibu, "Kikapuni." Hivyo tu. Wareno wasamehewe.

Siku chache baada ya maneno ya Bwana Gulam, Bi Mkasi alipanda gari yetu mwenyewe kwenda kumtazama mumewe. Tuliingia wodini pamoja, mimi na vikapu vyangu. Mzee Omar na Mzee Hamad walikuwa vitanda jirani, kila mmoja mguu wake umening'inizwa kwa kamba na uzito, hata wakitaka kupeana mgongo hawawezi. Nikawapa mabakuli yao, kila mtu kwa kifundo chake, sawasawa. Na mbele ya macho ya Bi Mkasi, Mzee Omar akanyoosha bakuli la muhogo wa nazi, Mzee Hamad akanyoosha bakuli la pweza, wakamiminiana kama watu waliozoea, wakaanza kula.

Bi Mkasi akasimama pale, mkono mdomoni.

"We bwana! Wala nini?"

Mzee Omar akashtuka, lakini kinywa kilikuwa kimejaa na hakutaka kukipoteza. Akameza kwanza. "Nala muhogo wako, mke wangu."

"Na huyo aliye juu ya muhogo wangu?"

"Pweza huyo."

"Pweza wa nani?"

Mzee Hamad akaingilia kwa adabu zote. "Wa kwangu, shemegi. Karibu. Muhogo wako mtupu unamkwama mzee wa watu, na pweza wangu mtupu hashibishi. Nasi miguu yenyewe hii, tutakwenda wapi kutafuta?"

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza," akasema muuguzi kutoka mlangoni, na akaenda zake.

Bi Mkasi akanigeukia mimi. "Na wewe, Msomi! Ndiyo elimu yako hii? Unamlisha mume wangu chakula cha watu wale?"

"Mimi nasoma vifundo tu, Bi Mkasi," nikasema. "Vikishafunguliwa, si vyangu."

Nilimwona akitaka kukasirika zaidi na hasira inakosa pa kukaa. Mumewe alikuwa amenenepa. Hilo lilikuwa wazi. Akaliinamia bakuli, akachukua kipande cha pweza kwa ncha za vidole, akakitafuna muda mrefu, tukimtazama sote watatu.

"Mgumu," akasema. "Mwambie huyo bibi wa Konde kwamba pweza hatiwi chumvi kabla hajalainika."

Utingo anachukua anachopewa. Kesho yake asubuhi nikaichukua salamu ile mpaka Kikapuni, nikaiambia migomba. Migomba ikatikisika. Kisha ikasema:

"Mwambie huyo bibi wa Ole, namtia chumvi mapema kusudi awe mgumu. Muhogo wake uji mtupu. Mzee wa watu anahitaji kitu cha kutafuna."

Nilikuwa nimeshagonga makofi mawili, lakini gari haikuondoka. Kutoka mbele yakaja makofi manne. Nikarudia maneno yale kwa nguvu, Mzee Kombo akacheka, abiria wachache waliokuwamo wakacheka, na tulipofika Ole hata sikupata nafasi ya kufikisha salamu. Zilinipita, zikashuka kabla yangu.

Kuanzia hapo ikawa ni kazi. Kila siku salamu inapanda, jibu linateremka. Bi Mkasi alitaka kujua kama huko Konde nazi zinakunwa au zinakwaruzwa. Bi Raya aliuliza kama muhogo wa Ole hupikwa kwa moto au huanikwa tu juani. Na mimi katikati, nikizichukua kwa uaminifu, sipunguzi wala siongezi. Ingawa nakiri siku moja jibu lilikuwa baridi, nikalipasha kidogo.

Watu wakaanza kupanda. Walipanda wakitafuta sababu. Mtu wa Ole alikuwa hana haja Chake, akaingia akisema anakwenda kuuliza bei ya mafuta ya taa. Wa Konde nao, wa upande ule, wakaanza kutembea mpaka Kikapuni kwa miguu, wasionekane barazani, wakasimama nyuma ya migomba pamoja na Bi Raya. Migomba ile ilifika pahala haiwafichi tena. Na garini wakasahau ipi kulia na ipi kushoto, kwa sababu anayetaka kusikia hukaa karibu na msemaji, na msemaji nilikuwa mimi, mlangoni. Sasa gari ikawa inalala nyuma.

Lakini mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, na Bwana Gulam hakuwa amesema neno jengine. Siku moja nilimwambia Bi Raya habari hiyo, maana niliona ana haki ya kujua: gari inaondoka, na kikapu hakitakuwa na wa kukichukua. Akarudi kwake. Hakunipa hata salamu za Ole.

Asubuhi ya pili tulipowasha gari pale Konde, mbele ya maduka, baraza limejaa, Bi Raya akatoka baina ya maduka mawili na kikapu chake kichwani, akaja moja kwa moja garini. Barazani shingo zote zikageuka. Shemegi yake, Bwana Shaame, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa baraza, akainuka.

"Shemegi! Wenda wapi na gari hiyo?"

"Nakwenda kumtizama nduguyo," Bi Raya akasema, mguu mmoja umeshakanyaga ngazi. "Alovunjika mguu akikutundikia bendera. Au bendera ishakwenda kumtizama?"

Sijui nani aliyeanza kucheka barazani, lakini hakuwa wa upande huu, kwa sababu upande huu hawakuwapo. Gari ilipoanza kwenda, Bwana Shaame akaja mbio akarukia nyuma karibu yangu. Akaniambia anakwenda Chake kununua misumari.

Tulijaa njia nzima. Tulipofika Ole, Bi Mkasi alikuwa amesimama na kikapu chake, na siku ile alikuwa amejitanda buibui la safari. Akapanda. Nafasi ilikuwa imebaki moja, ubavuni pa Bi Raya, na nataka muelewe kwamba hakuna aliyeipanga. Au kama iko mikono iliyoipanga, ilikuwa mingi.

"Asalaam alaykum," Bi Mkasi akasema, kwa gari nzima.

"Alaykum salaam," Bi Raya akaitikia, kwa mtu mmoja.

Bi Mkasi akakaa. Kikapu cha huyu magotini, kikapu cha huyu magotini. Nikagonga mawili. Gari ikaenda.

"Wewe ndo wa pweza?" Bi Mkasi akauliza, akitazama mbele.

"Na wewe ndo wa muhogo?"

"Ndo mimi."

"Mbona mdogo hivi? Kwa maneno yale nilidhani utaenea mabao mawili."

Gari ililipuka kwa kicheko, na kutoka mbele yakaja makofi manne, kwa haraka, ya mtu anayeonewa. Mzee Kombo alikuwa hawezi kusikia na alikuwa amepunguza mwendo mpaka baiskeli zikatupita. Wanawake wale wakazungumza kwa nguvu kumridhisha. Wakabishana juu ya chumvi, juu ya tui la kwanza na tui la pili, juu ya moto wa kuni na moto wa makumbi, na kila mmoja akipata watu wake wa kumsaidia, na watu hao walikuwa wamechanganyika kulia na kushoto, kwa kuwa katika habari ya pweza kila mtu alikuwa na akili yake mwenyewe. Bwana Shaame, hapo ubavuni pangu, alikuwa wa chumvi ya mwisho. Alisimama upande wa Ole bila ya kujua amesimama wapi.

Tulipokaribia Gombani, Bi Mkasi akashusha sauti.

"Nambie kweli. Bakuli lako hurudi vipi?"

"Limefutwa," Bi Raya akasema. "Na Hamad nyumbani hajawahi kumaliza."

"Hata langu." Akakigusa kifundo chake. "Mimi nilikuwa nafurahi nikidhani ni mkono wangu."

"Hata mimi."

Makofi manne yakagongwa tena. Safari hii hakuna aliyerudia maneno yale kwa nguvu.

Bwana Gulam alikuwa mlangoni pa duka tulipoingia Chake. Aliona gari imejaa ndani, imejaa ngazini, imejaa paani. Akamfuata dereva dirishani.

"Kombo, kuna arusi?"

"Hapana, bwana. Kuna pweza."

Bwana Gulam akatazama wanawake wawili wakishuka, mmoja akimshikia mwenziwe kikapu ili ashike ngazi. Akarudi kwenye mizani yake. Mwezi ukaandama, tukauona pale Konde, na asubuhi yake gari ikatoka Konde kama kawaida. Mkoani walipata gari nyengine, ya mtu mwengine.

Siwaambii kwamba siasa iliisha. Haikuisha, na yaliyokuja baadaye mnayajua na si ya makala hii. Nawaambia tu kwamba laini haikukatika, na kwamba wale wazee wawili walitoka hospitali wakarudi kwao kwa gari yetu, magongo yao yamelazwa pamoja paani, wakilalamika njia nzima kwamba sasa kila mmoja atakula peke yake.

Jibu la chuo kikuu lilipokuja, ilibidi nishuke. Siku ya mwisho nilifanya kazi kama siku zote. Mzee Kombo hakutaka hotuba. Alinipa mkono, akavigeuza viganja vyangu, akavitazama. "Umepona," akasema. Pale Kikapuni Bi Raya alinipa bakuli. "La safari," akasema. "Usilifungue mpaka melini." Nilipopita Ole, Bi Mkasi alinitazama akacheka, mikono mitupu, nikaona amenisahau, na nikaumia kidogo.

Nililifungua bakuli melini, Mkoani imeshabaki nyuma. Kitambaa kilikuwa kimoja. Vifundo vilikuwa viwili, kimoja juu ya mwenziwe: kile kidogo kigumu chenye ncha zilizofichwa, na juu yake masikio ya sungura. Sijui nani alikwenda kwa nani. Ndani palikuwa na muhogo na pweza, vimepikwa chungu kimoja. Muhogo haukuwa uji, na pweza hakuwa mgumu. Nikatafuna taratibu, na kwa ujuzi wangu wote nikajaribu kutambua nani aliyetia chumvi, na lini. Nikashindwa, na mpaka leo sijawahi kushukuru kushindwa kama kule.

Nikalifuta bakuli kwa kidole mpaka likang'aa. Tulipofika Unguja nikamkabidhi baharia aliyekuwa anarudi Pemba, nikamwambia ampe utingo yeyote wa gari ya Konde. "Nimwambie la nani?" akauliza. Nikafungua mdomo nimtaje mmoja, nikakuta siwezi.

"Mwambie la Kikapuni," nikasema.

Lilifika.